Kromu ya Rhodesia na dhamiri ya Marekani

Machi 1972 meli ya mizigo iitwayo Santos Vega ilitia nanga Burnside, bandari iliyo kando ya Mto Mississippi katika jimbo la Louisiana. Ilikuwa imebeba kromu ya Rhodesia, nchi ambayo Umoja wa Mataifa ulikuwa umeifungia biashara karibu yote tangu Mei 1968, na Marekani yenyewe ilikuwa imepiga kura kuunga mkono vikwazo hivyo. Wanafunzi weusi wa Chuo Kikuu cha Southern waliandamana bandarini kuipinga. Mzigo ulishushwa hata hivyo, tena kihalali kabisa, kwa sababu miezi michache nyuma Bunge la Marekani lilikuwa limetunga sheria ya kuupitisha.

Inapozungumzwa sera ya nje ya Marekani, watu hugawanyika upesi. Wapo wanaoamini kwamba taifa lile husukumwa na demokrasia na haki za binadamu. Wapo wanaosema hayo ni maneno ya jukwaani, na kwamba kinachotafutwa siku zote ni mafuta, madini na kambi za jeshi. Nimesoma kwa miaka mingi habari za Marekani kusini mwa Afrika, na naona pande zote mbili zinaruka swali moja kubwa: hayo maslahi anayahesabu nani, na anayahesabu hadi mwaka gani? Mtu akifuata safari ya ile kromu, atalipata jibu.

Ian Smith, waziri mkuu wa Rhodesia, aliitangazia nchi hiyo uhuru kutoka Uingereza Novemba 11, 1965. Wazungu wa Rhodesia hawakuzidi robo milioni, Waafrika walikuwa milioni nne hivi. Uingereza haikupeleka jeshi. Kilichobaki kikawa vikwazo, kwanza vya bidhaa chache Desemba 1966, kisha vya karibu kila kitu mwaka 1968. Rais Lyndon Johnson alivitekeleza. Hapo ndipo kromu ilipoanza kuleta maneno. Madini hayo ndiyo yanayokizuia chuma cha pua kisishike kutu, na yanahitajika katika injini za ndege na zana za vita. Ardhi ya Marekani haina ya kutosha. Rhodesia ilipofungwa, viwanda vikanunua kwa wingi zaidi kutoka Muungano wa Kisovieti, adui mkuu wa Vita Baridi.

Kampuni za Union Carbide na Foote Mineral, zilizokuwa na migodi Rhodesia, zikalivalia njuga jambo hilo. Hoja yao ilisikika vizuri masikioni mwa Wamarekani: kwa nini tumlipe Mrusi bei ya juu wakati kromu yetu imelala ardhini? Seneta Harry Byrd wa Virginia akaichukua hoja akaipeleka bungeni. Kifungu chake kilichomekwa ndani ya muswada wa manunuzi ya kijeshi wa mwaka 1971. Kilisema kwamba Rais hatakuwa na mamlaka ya kuzuia madini muhimu kwa ulinzi yasitoke nchi isiyo ya kikomunisti, ikiwa madini yaleyale yananunuliwa kutoka nchi ya kikomunisti. Jina la Rhodesia halikutajwa popote. Rais Nixon alisaini Novemba mwaka huo, na kuanzia Januari 1972 Marekani ikawa inavunja kwa sheria yake vikwazo ilivyovipigia kura New York.

Ukiisoma hoja ya Byrd haraka, utadhani hapa ndipo maslahi yalipoyashinda maadili. Lakini wakati kifungu kile kinapita, maghala ya akiba ya serikali ya Marekani yalikuwa na kromu ya ziada, na serikali yenyewe ilikuwa ikitafuta kibali cha kuuza sehemu yake. Taifa halikuwa na njaa ya kromu. Waliokuwa na haja nayo ni wenye migodi, na waliopata nguvu ni utawala wa Smith, ambao ulikuwa umetengwa na dunia nzima kisha ukaona mkubwa kuliko wote anarudi kununua. Yalikuwa maslahi ya wachache yaliyovishwa sare ya jeshi. Jambo la namna hiyo hutokea mara nyingi kuliko tunavyokiri, hata katika nchi zetu.

Ndani ya Ikulu ya White House hesabu nyingine ilikuwa imeshafanywa. Aprili 1969 Henry Kissinger, wakati huo mshauri wa usalama wa taifa, aliagiza tathmini ya sera yote ya kusini mwa Afrika. Mwelekeo uliochaguliwa ulijengwa juu ya dhana kwamba Wazungu wa huko wapo na wataendelea kuwapo madarakani, kwamba Waafrika hawawezi kupata haki za kisiasa kwa mtutu wa bunduki, na kwamba mabadiliko yatakuja kwa kuzungumza na watawala hao pasipo kuwabana sana. Ureno, iliyokuwa ikipigana Angola, Msumbiji na Guinea-Bissau, haikuguswa, kwa kuwa Marekani iliitegemea kambi ya anga ya Lajes katika visiwa vya Azores. Vita vya Mashariki ya Kati vilipolipuka Oktoba 1973, ni Lajes iliyotumika kupeleka silaha Israel, wakati washirika wengine wa Ulaya walikataa ndege za Marekani zisitue kwao.

Sasa hebu tuhame Washington tuje kwetu. Mwaka uleule wa 1969 Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ilikuwa na miaka sita Dar es Salaam. Kongwa, Dodoma, palikuwa na kambi ya wapigania uhuru wa vyama kadhaa. Wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, walifunzwa Nachingwea, wakavuka Ruvuma, wakarudi, wakavuka tena. Eduardo Mondlane, kiongozi wao aliyesoma na kufundisha katika vyuo vikuu vya Marekani kwenyewe, aliuawa kwa bomu la kifurushi jijini Dar es Salaam Februari 3, na chama chake hakikufa. Aliyekuwa akiwaona vijana wale wakipita hakuhitaji tathmini ya siri ili kujua kwamba hawatarudi nyuma. Maofisa wa Washington walikuwa na ndege za upelelezi na mabalozi kila mji, lakini hawakuwahesabu watu wale kama nguvu ya kutiliwa maanani.

Aprili 25, 1974, maofisa vijana wa jeshi la Ureno, waliochoshwa na vita vya Afrika visivyokwisha, waliupindua utawala wa Lisbon. Ilikuwa miaka mitano tangu agizo la Kissinger. Msumbiji ikapata uhuru Juni 25, 1975, Angola Novemba 11. Angola ikawa uwanja wa vita: Afrika Kusini iliingia kutoka kusini, wanajeshi wa Cuba wakafika kwa maelfu, na Bunge la Marekani, likiwa na machungu ya Vietnam, likaifungia serikali yake fedha za kushiriki kwa siri. Sera iliyojengwa kwa ajili ya kuwazuia Warusi ikawa imewafungulia mlango.

Aprili 1976 Kissinger, sasa Waziri wa Mambo ya Nje, alitua Dar es Salaam kumwona Mwalimu Nyerere. Aprili 27 alikuwa Lusaka, akatangaza kwamba Marekani inaunga mkono serikali ya walio wengi Rhodesia, na kwamba serikali yake italiomba Bunge lifute kifungu cha Byrd. Kilichomleta ni Wacuba wa Angola. Hilo halimwondolei sifa. Septemba alirudi, akakutana na Smith mjini Pretoria, na Septemba 24 Smith akatangaza hadharani kwamba anakubali utawala wa walio wengi ndani ya miaka miwili. Ahadi ile haikutimia kama ilivyosemwa. Hata hivyo tangu siku hiyo hakuna serikali ya Marekani iliyorudi kusema kwamba utawala wa Wazungu wachache Rhodesia una maisha marefu.

Jimmy Carter aliingia madarakani Januari 1977 akisema haki za binadamu ndizo zitakazoongoza sera yake. Alimteua Andrew Young, mchungaji mweusi kutoka Georgia aliyekuwa bega kwa bega na Martin Luther King, kuwa balozi wake Umoja wa Mataifa. Machi 18 alisaini sheria ya kukifuta kifungu cha Byrd, na kromu ya Rhodesia ikafungiwa tena. Julai Mwalimu alichapisha makala katika jarida la Foreign Affairs kuhusu Marekani na kusini mwa Afrika. Agosti alikuwa Washington mwenyewe.

Tumsifu Carter, lakini tusimpake mafuta. Mkesha wa mwaka mpya wa 1978 alikuwa Tehran akiiita Iran ya Shah kisiwa cha utulivu, wakati magereza ya Shah yalikuwa yamejaa wapinzani. Mwaka mmoja baadaye Shah alikimbia nchi, na kilichofuata kimeigharimu Marekani hadi leo. Mobutu wa Kongo naye hakuachwa, na hilo si la Carter peke yake. Kennedy alimpokea White House mwaka 1963, Bush mzee akampokea mwaka 1989 na kumsifu kama rafiki wa thamani, na kati ya miaka hiyo Wakongo walinyang'anywa nchi yao kipande kwa kipande.

Jaribio gumu la Carter kusini mwa Afrika lilikuja 1979. Aprili mwaka huo Smith aliendesha uchaguzi ambao Waafrika walishiriki, Askofu Abel Muzorewa akashinda. Vyama vya wapiganaji wa msituni, ZANU na ZAPU, havikuwamo, na katiba iliwatengea Wazungu viti 28 kati ya 100 pamoja na ushawishi mkubwa juu ya jeshi, polisi na mahakama. Seneti ya Marekani ilitaka vikwazo viondolewe, na ilikuwa na kura nyingi. Juni 7 Carter alikataa. Washauri wake walimkumbusha haki, na walimkumbusha pia Nigeria, ambayo wakati huo ilikuwa ya pili kwa kuiuzia Marekani mafuta na haikuwa ikificha hasira zake. Sioni aibu yoyote katika mchanganyiko huo. Haki ilikuwa na upande, na safari hii hesabu ya mafuta ikasimama upande huohuo. Desemba makubaliano ya Lancaster House yalitiwa saini London, na Aprili 18, 1980 Rhodesia ikawa Zimbabwe huru.

Ronald Reagan alipoingia 1981, Afrika Kusini ilipata nafasi ya kupumua. Msimamizi wa sera ya Afrika, Chester Crocker, alikuja na mkakati wa kuzungumza na makaburu kirafiki, kuwavuta polepole waache ubaguzi, na kufungamanisha uhuru wa Namibia na kuondoka kwa Wacuba Angola. Haki itendeke kwa Crocker: mkataba uliosainiwa New York Desemba 22, 1988 uliwatoa Wacuba na kuipatia Namibia uhuru Machi 21, 1990, na mkono wake ulikuwamo. Ila ndani ya Afrika Kusini urafiki ule haukufungua gereza hata moja. Desemba 1984 Askofu Desmond Tutu, akiwa amepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka huo, aliwaambia wabunge wa Marekani ana kwa ana kwamba sera hiyo ni uovu na haina Ukristo ndani yake.

Wiki mbili kabla ya Tutu kusema hayo, jambo dogo lilitokea Washington ambalo naliona kubwa kuliko hotuba zote za marais. Novemba 21, 1984, siku moja kabla ya sikukuu ya Shukrani, watu wanne waliingia ubalozi wa Afrika Kusini kuzungumza na balozi: Randall Robinson wa shirika la TransAfrica, Mary Frances Berry wa tume ya haki za kiraia, mbunge Walter Fauntroy na mwanasheria Eleanor Holmes Norton. Mazungumzo yakiendelea, Norton akatoka nje kuwaeleza waandishi wa habari. Waliobaki wakamwambia balozi kwamba hawatoki hadi wafungwa wa kisiasa waachiwe. Polisi wakaitwa, watatu hao wakatolewa kwa pingu mbele ya kamera. Siku zile za sikukuu habari huwa haba, kwa hiyo picha zao zilienea nchi nzima.

Siku zilizofuata wakaja wengine. Kwa zaidi ya mwaka mzima watu walipanga foleni mbele ya ubalozi ule wakamatwe: wabunge, wachungaji, marabi, viongozi wa vyama vya wafanyakazi, wasanii, wanafunzi. Waliotiwa mbaroni walifika maelfu. Vyuo vikuu vikabanwa viuze hisa za kampuni zinazofanya biashara Afrika Kusini, miji na majimbo yakafuata. Wakati huohuo vitongoji vya Afrika Kusini vilikuwa vinawaka moto, na katikati ya 1985 benki ya Chase Manhattan ikaacha kuendeleza mikopo yake ya huko. Benki nyingine zikaiga, randi ikaporomoka. Chase haikuwa imeokoka. Ilikuwa imepima hatari, na watu waliokuwa mitaani, Soweto na Washington, ndio walioiongeza hatari hiyo.

Mbunge Ron Dellums wa California alikuwa ameleta muswada wa vikwazo tangu 1972, mwaka uleule wa Santos Vega, na kwa muda mrefu hakuna aliyemsikiliza. Mwaka 1986 Bunge lilipitisha Sheria ya Kupinga Ubaguzi wa Rangi: hakuna uwekezaji mpya, hakuna makaa ya mawe, urani, chuma, nguo wala mazao kutoka Afrika Kusini, na ndege za shirika lao zisitue Marekani. Reagan aliitilia kura ya turufu Septemba 26. Siku tatu baadaye Baraza la Wawakilishi liliipindua kura hiyo kwa 313 dhidi ya 83, na Oktoba 2 Seneti ikafanya hivyo kwa 78 dhidi ya 21. Seneti hiyo ilikuwa mikononi mwa chama cha Rais mwenyewe. Aliyeongoza kazi ni Richard Lugar wa Indiana, Mrepublican, mwenyekiti wa kamati ya mambo ya nje, aliyemuunga mkono Reagan kwa mambo mengi na hili akamkatalia.

Hata katika ushindi huo, kromu haikusahauliwa. Sheria iliacha mlango kwa madini muhimu ambayo Rais angethibitisha kwamba hayapatikani kwingine kwa uhakika, na mapema 1987 kromu na platinamu zikapita mlangoni humo. Wapo wanaoiona nafasi hiyo kama ushahidi wa unafiki. Mimi naiona kama bei iliyolipwa ili kura 78 zipatikane, na naamini ilistahili kulipwa. Masharti ya sheria yalikuwa wazi, likiwamo kuachiwa kwa Nelson Mandela. Alitoka Februari 11, 1990. Juni 26 alihutubia mabaraza yote mawili ya Bunge la Marekani. Vikwazo viliondolewa Julai 1991. Jina lake na la chama chake cha ANC, hata hivyo, yaliendelea kubaki kwenye orodha ya Marekani ya watu wa kuchunguzwa kwa ugaidi, na Mandela alihitaji kibali maalumu kuingia nchi hiyo hadi sheria ilipobadilishwa Julai 2008, akikaribia kutimiza miaka 90.

Katika habari yote hiyo, waliojiita watu wa maslahi walikosea hesabu mara kwa mara. Walikosea Ureno, wakakosea Smith, wakakosea Pretoria, kwa sababu waliipima miaka miwili au mitatu ya mbele na kuwaacha nje ya hesabu watu waliokuwa wakidhulumiwa. Na maadili hayakuingia katika sera kwa wema wa rais yeyote. Yaliingia kwa njia ya sheria, na sheria zilitungwa kwa sababu raia wa kawaida waliwafanya wabunge wao waone kwamba kunyamaza kutawagharimu.

Nayasema haya leo kwa sababu madini yamerudi mezani. Juni 27, 2025 mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda walisaini makubaliano ya amani mjini Washington mbele ya Waziri Marco Rubio, na Rais Trump akasema waziwazi kwamba Marekani itapata haki nyingi za madini ya Kongo. Angalau safari hii hakuna aliyelificha jina la nchi ndani ya muswada wa manunuzi ya kijeshi. Amani ikija kwa njia hiyo, watu wa Goma na Bukavu wataipokea kwa mikono miwili, na mimi pamoja nao. Lakini ni lazima mtu aangalie kama hesabu imewaingiza wanaoishi juu ya madini hayo. Bunge la Marekani liliwahi kujaribu: sheria ya fedha ya mwaka 2010 ilizilazimisha kampuni kueleza kama bati, koltani, tungsteni na dhahabu yao inatoka Kongo au nchi zinazopakana nayo. Nia ilikuwa njema, lakini wanunuzi wengi walikimbia, na wachimbaji wadogo wakakosa riziki kwa kosa lisilo lao. Sheria ya haki iliyotungwa bila kuwasikiliza wahusika nayo huumiza.

Serikali zetu zimezoea kupeleka ujumbe White House, kupiga picha na kurudi. Wabunge wa Dar es Salaam, Nairobi na Kinshasa wajifunze pia majina ya wenyeviti wa kamati za mambo ya nje za Seneti na Baraza la Wawakilishi, na wapeleke huko wachimbaji, wakulima na wakimbizi wenyewe wakazungumze. Na kwenu ndugu zetu mnaozungumza Kiswahili huko Marekani, maelfu kwa maelfu mliotoka Kivu mkapitia kambi za Nyarugusu na Kakuma na sasa wengi wenu mna uraia: mbunge wa jimbo lenu anahitaji kura zenu. Mwandikieni, mpigieni ofisini kwake, mwulizeni mkataba wa madini unasema nini juu ya watu wa nyumbani, na msiache kumwuliza hadi ajibu.